Ukubwa wa Pikipiki Utaujua Ikienda Polepole

Kila anayeiona anauliza swali lile lile: "Inakimbia ngapi?" Hakuna anayeuliza inageukaje mahali padogo, na mimi naona hilo ndilo la kuuliza. Nimetoka kwenye pikipiki ya cc 125 niliyoizoea miaka mingi, nikahamia Suzuki V-Strom 650, silinda mbili, gia sita. Kukimbia si kazi. Kazi ni kwenda mwendo wa mtu anayetembea.

Ile ndogo ilikuwa na kilo mia na kitu. Ikianza kuegemea vibaya, unaizuia kwa paja. Hii ikiwa na mafuta inapita kilo 200, na kiti chake kiko sentimita 83 na nusu kutoka chini. Kwa kimo changu, nyayo zote mbili hazikanyagi kwa pamoja. Halafu kuna tangi la lita 20. Lita moja ya petroli ina uzito wa robo tatu ya kilo hivi, kwa hiyo ukijaza hadi juu umebeba kilo 15 kwa petroli peke yake, na zote zimekaa juu, karibu na kifua chako. Ukiondoka kituoni, kwenye kona ya kwanza ya kubana unazihisi.

Kugeuza pikipiki kurudi ulikotoka kwenye njia nyembamba kumenila muda kuliko jambo jingine lolote. Klachi unaiachia mpaka inapoanza kushika, unaishikilia hapo hapo. Resi iko juu kidogo na haishuki. Mguu wa kulia unaigusa breki ya nyuma kwa mbali, na macho yanatazama unakotaka kutokea, siyo tairi la mbele. Breki ya mbele usiiguse kabisa usukani ukiwa umekatwa: pua inazama, uzito unahamia upande mmoja, na kilo 200 zikishaanza kulala huzirudishi kwa ubishi.

Kuegesha nako kuna akili yake. Ukiingiza pua kwenye mteremko, utaitoaje? Rivasi haina, na kuisukuma kinyumenyume kupanda mlima peke yako ni kujitafutia mgongo mbovu. Siku hizi kabla ya kuzima injini natazama kwanza nitatokea wapi.

(Joto la injini kwenye foleni silisemi sana. Lipo, linapiga mapaja, utazoea.)

Ukifika barabara ya wazi shida zote hizo zinaisha, na hapo ndipo mimi ninapoanza kuiogopa. Ile ndogo ikikaribia 90 inapiga kelele, vioo vinatetemeka hadi huoni kama aliye nyuma ni lori au ng'ombe, na lori likikupita upepo wake unakuyumbisha. Mwili mzima unakwambia uko mbio. Hii ikifika 100 imetulia tuli, na ukiongeza mkono kidogo tu, mshale unapanda bila wewe kusikia tofauti. Kasi ikiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki unaongezeka mara nne. ABS inazuia matairi yasijifunge na kuteleza. Hesabu hiyo haiibadilishi. Kwa hiyo naangalia spidi mita mara nyingi kuliko nilivyowahi kuangalia maishani, kwa sababu masikio yangu hayafai tena kwa kazi hiyo.

Wapo wanaoshauri mtu aanze moja kwa moja na kubwa, eti asitumie hela mara mbili. Siwaelewi. Ya cc 125 ina nguvu za farasi kumi hivi; hii ina karibu 70. Mkono ambao bado unatafuta klachi iko wapi, unaupa 70 za nini? Ndogo ikikulalia unainyanyua, unajipangusa vumbi, unaendelea na safari. Hii ikilala unaanza kutafuta watu.

Abiria bado sijambeba. Kilo 60 nyuma yangu, kwenye kiti kilichoinuka kuliko cha kwangu, zitavuruga tena hesabu ya kona ndogo niliyoanza kuizoea. Mke wangu ameshatoa sharti lake: atapanda siku nitakapogeuza mbele ya macho yake, kushoto na kulia, bila kuweka mguu chini. Kushoto naweza.