Mashine ya nyasi inayojiendesha: pesa ikiwa kidogo, tutazame injini au giaboksi?

Mwulize fundi wa mashine, awe wa Gerezani jijini Dar es Salaam au wa Kirinyaga Road jijini Nairobi, ununue mashine gani ya kukatia nyasi. Atakutajia injini. Honda, atasema, au Briggs. Ya Kichina achana nayo. Kwa mashine ya kusukuma kwa mikono ushauri huo unatosha, maana pale kuna injini, kisu na magurudumu manne tu. Kwa mashine inayojiendesha, ambayo injini huzungusha pia magurudumu yake, hautoshi, na anayeumia ni mwenye bajeti ndogo, kwa sababu hana pesa ya kununua mara ya pili.

Tuifungue kidogo. Injini ya mashine hizi ina shafti iliyosimama wima. Mwisho wa shafti kuna kisu. Juu ya kisu kuna puli, na mkanda unaotoka hapo unapeleka nguvu kwenye giaboksi ndogo iliyokaa kwenye ekseli. Ukibana mpini waya unavuta, mkanda unakaza, magurudumu yanazunguka. Ndani ya magurudumu yenyewe mna meno, mara nyingi ya plastiki, yanayosukumwa na kigia kidogo cha chuma. Mchanga ukiingia humo, kinacholiwa ni plastiki.

Wanaosema injini kwanza wana hoja nzito. Injini ikifa, hakuna kitakachofanya kazi. Giaboksi ikifa, bado unaweza kusukuma, ingawa kwa jasho. Tena injini zinatofautiana kwelikweli. Honda GXV160 ilitengenezwa kwa watu wanaokata nyasi kila siku, na silinda yake imevishwa ndani laina, yaani ganda, ya chuma cha kutupwa. Ndugu yake GCV160 ni ya mwenye nyumba: nyepesi zaidi, valvu zake zinaendeshwa na mkanda uliofichwa ndani ya injini, na ikipewa oili safi hudumu miaka mingi. Majina yanafanana hadi mnunuzi asiyejua hulipa bei ya moja akabeba nyingine. Herufi hizo mbili, GX au GC, zina thamani kuliko rangi na stika zote zilizobandikwa.

Stika hasa ndizo zinazopotosha. Nguvu za farasi zinazoandikwa kwenye mashine za nyasi zina historia mbaya. GCV160 iliwahi kuuzwa kama ya farasi 5.5, kwa kipimo cha sasa Honda wenyewe wanaandika 4.4 kwa mizunguko 3,600 kwa dakika, na chuma ni kilekile. Kule Marekani watengenezaji walishtakiwa na wateja kwa kukuza namba hizo, na kesi ikaishia kwenye suluhu mwaka 2010. Ndiyo maana injini nyingi za Briggs & Stratton hutajwa kwa nguvu ya kuzungusha shafti: mfululizo wa 675, kwa mfano, ni futi-pauni 6.75. Kwa hiyo ukikuta mashine isiyo na jina imeandikwa "7HP" kwa maandishi makubwa, iache namba hiyo ipite, soma cc, yaani ujazo wa silinda.

Cc zenyewe zisomwe pamoja na mahali unapoishi. Vitabu vya maelekezo vya Honda vinasema injini hupoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda juu ya usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,700: piga hesabu, moja ya tano ya nguvu uliyoilipia imebaki Mombasa. Arusha, kwenye mita 1,400 hivi, unapoteza kama asilimia 16. Na huko juu ndiko kwenye nyasi ngumu zaidi. Nyasi aina ya Kikuyu asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki. Hutambaa juu na chini ya udongo, husukana kama godoro, na mvua za masika zikinyesha wiki mbili bila kukatwa, injini ndogo ya cc 125 hukoroma na kuzima katikati ya bustani. Kwa mtu wa Limuru au Njombe, basi, hoja ya injini kubwa si maringo. Kwa mtu wa Kigamboni au Nyali mwenye kiwanja tambarare cha ukoka, nusu ya hoja hiyo inayeyuka.

Sasa upande wa pili. Chukua mashine ya mtumba iliyoshuka na kontena kutoka Uingereza, yenye injini nzuri ya Honda au Briggs. Muuzaji anavuta kamba mara moja, inawaka, unalipa. Hukuijaribu kwenye mteremko, hukujua kuwa giaboksi inateleza. Hapo ndipo tofauti kubwa inapojitokeza: spea za injini hufuata mtengenezaji wa injini, spea za giaboksi hufuata mtengenezaji wa mashine, tena toleo lile lile. Briggs moja imefungwa kwenye mashine za kampuni chungu nzima, kwa hiyo kabureta yake, plagi yake na kamba yake ya kuwashia utavipata au utaviagiza bila shida kubwa. Giaboksi ya mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya duka fulani la bustani la Uingereza miaka kumi iliyopita, utamwuliza nani? Fundi atakuchongea bushi, atakutafutia mkanda unaokaribiana, na baada ya mwezi utakuwa unasukuma.

Na kusukuma mashine inayojiendesha iliyokufa gia ni adhabu. Ya kawaida ya kusukuma ina uzito wa kilo ishirini na kitu. Inayojiendesha hufika thelathini na tano kwa urahisi. Ulilipa zaidi ili upate mzigo zaidi.

Injini, kwa upande mwingine, inabadilishika. Shafti za wima za mashine hizi zina vipimo vichache, hasa milimita 22.2 na 25.4, na matundu ya bolti tatu za kufungia hufanana kwenye mashine nyingi. Bodi zima, yaani umbo linalobeba injini na kufunika kisu, lenye giaboksi imara na injini iliyochoka linaweza kuvishwa injini mpya ya Kichina likafanya kazi vizuri. Pima tu urefu wa shafti kabla ya kununua, kwa sababu mashine inayojiendesha inahitaji nafasi ya puli juu ya kisu, na injini iliyokusudiwa mashine ya kusukuma inaweza kuwa fupi. Hii ndiyo njia ya tatu ambayo wauzaji hawaitaji, labda kwa sababu haiwauzii mashine nzima.

Kwa hiyo naegemea kwa wanaosema giaboksi kwanza, kwa sharti moja: mashine iwe ya mtumba. Kwa mashine mpya ya bei nafuu, hesabu inageuka. Giaboksi ni mpya, waya ni mpya, na hofu yote inarudi kwenye injini. Hapa neno "ya Kichina" halitusaidii. Loncin wa Chongqing ni Wachina, na wametengenezea BMW injini za pikipiki. Shida ni injini isiyo na jina wala namba ya toleo, kwa sababu siku kabureta ikiharibika hujui uagize nini. Wengi hujifariji kwamba spea za GX160 zimejaa kila mtaa, kwenye pampu za maji na jenereta. Zimejaa kweli, lakini injini ile ina shafti ya kulala. Plagi itaingia. Kabureta, kifuniko cha kamba na kichujio cha hewa, usizitegemee.

Kuna swali linalopaswa kutangulia yote haya: unahitaji ijiendeshe? Katika nyumba nyingi za mijini kwetu, anayenunua mashine si anayeisukuma. Mwenye nyumba anaona gia kama anasa, kwa kuwa mgongo unaouma si wake. Au anazinunua kwa fahari, halafu mtunza bustani anazifunga kwa sababu zinamkimbiza kwenye kona za maua. Afadhali umwulize yeye. Kama kiwanja ni tambarare na kidogo, pesa ya gia iongezee kwenye injini na ununue ya kusukuma, bila kuona haya. Kama kuna mteremko, au nyasi za Kikuyu nene, gia zina haki yake, na ziwe za magurudumu ya nyuma. Zile za mbele ni rahisi kugeuza, lakini mfuko wa nyasi ukijaa uzito unarudi nyuma, na kwenye mwinuko magurudumu ya mbele yanabaki kuparua tu. Mashine ya begani, hiyo ya kamba ya plastiki, inafaa kwenye mitaro na kingo. Kwa bustani ya mbele ya nyumba inaacha mawimbi.

Watu wa pwani wana jambo lao. Bodi la bati linalofunika kisu huliwa na chumvi na nyasi mbichi zinazogandia chini yake, na nimeona injini nzima kabisa ikiwa imekalia bodi lililotoboka. Ukipata bodi la aluminiamu kwa bei isiyotofautiana sana, chukua.

Ukienda kununua ya mtumba, ishike injini kabla muuzaji hajavuta kamba. Ikiwa ya moto, kuna kitu amekiwahi. Injini mbovu nyingi huwaka vizuri zikishapata joto. Moshi wa bluu usioisha ni oili inayoungua. Kamba laini usiihukumu haraka, maana injini nyingi za siku hizi zimewekewa kitu cha kupunguza mgandamizo wakati wa kuwasha. Kisha chomoa waya wa plagi, inamisha mashine huku kabureta ikitazama juu, zungusha kisu taratibu ukiangalia bolti yake: ikicheza kama ngoma, shafti imepinda kwa jiwe, ondoka. Halafu jaribio ambalo watu wengi hawalifanyi. Iwashe, bana mpini wa gia, kisha ishikilie isiende. Magurudumu yanapaswa kupambana nawe. Yakisimama kimya huku injini ikinguruma, umepata jibu. Na ukiona jina Tecumseh kwenye injini, kumbuka kwamba kampuni hiyo iliacha kutengeneza injini za petroli mwaka 2008. Bei iwe ya kutupa, au iache.

Kwa anayekata nyasi kwa malipo, nyumba hadi nyumba, mizani ni nyingine kabisa. Oili ya injini hizi ni kama nusu lita na ushee, na wengi hupendekeza ibadilishwe kila saa 25 hadi 50 za kazi. Mwenye nyumba anayekata saa moja kwa wiki hufikisha saa 25 baada ya nusu mwaka. Mfanyakazi wa saa tano kwa siku hufika kabla ya Jumamosi. Baadhi ya Briggs huuzwa kwa ahadi kwamba oili haibadilishwi, inaongezwa tu. Kwenye vumbi letu mimi ningebadilisha hata hivyo. Mtu huyu akiwa na pesa ya kitu kimoja tu, ningemtuma akatafute GXV160 ya mtumba kwenye mashine ya kusukuma, aifanyie kazi msimu mmoja wa mvua, halafu faida ndiyo imnunulie gia.