Tangazo lina kila kitu, bado wanauliza

Chumba cha ziada nimekipaka rangi mwenyewe, nikaweka kitanda cha futi 4 kwa 6, godoro jipya, meza na kabati. Kabati lenyewe mlango mmoja haufungi mpaka uubane na kikaratasi, na hilo pia nimeliandika, sitaki lawama. Picha nimepiga mchana, pazia wazi. Kodi nimeandika, choo cha kuchangia nimeandika, mpangaji mmoja tu nimeandika.

Ujumbe wa kwanza: "Bei?" Wa pili: "Bado kipo?" Nikajibu kipo. Kimya. Mwingine kauliza kama kuna kitanda, na kitanda ndicho kimejaa picha nzima!

Ila aliyenimaliza ni yule wa Jumamosi. Kasema yuko njiani. Nikafagia, nikatandika lile shuka la wageni, nikakaa sebuleni kama anayesubiri posa. Saa kumi ndiyo anaandika: "Samahani, nilikuwa namuulizia rafiki yangu." Na rafiki mwenyewe anatafuta nyumba nzima, yenye geti lake.

Shuka nimelitandua. Kesho anakuja mwingine kuangalia, ana mke na watoto wawili. "Hawana fujo," kasema.