Nietzsche: jina lenye sura ya Kislavi, ukoo wa Kijerumani, na uchache unaotegemea tahajia

Jina la ukoo la Nietzsche linajulikana duniani kote kwa sababu ya mtu mmoja, yaani mwanafalsafa Friedrich Nietzsche, aliyezaliwa tarehe 15 Oktoba 1844 katika kijiji cha Röcken, karibu na Leipzig. Umaarufu huo umewafanya wengi wadhani kwamba jina lenyewe ni la kawaida Ujerumani, kama yalivyo Müller au Schmidt. Sivyo hata kidogo. Wanaoliandika hivyo leo ni wachache mno, na uchache huo, pamoja na sura ya jina ambayo haifanani sana na Kijerumani, umezaa mabishano mawili yasiyokwisha: jina lilitoka wapi, na ni adimu kiasi gani hasa. Mabishano hayo yana pande zenye hoja za kweli. Hata hivyo, naona kwamba pande zote mbili huteleza mahali pamoja, pale zinapolifanya jina kuwa ushahidi wa damu, na zinapoifanya tahajia kuwa ndiyo jina.

Kuhusu chimbuko la jina lenyewe hakuna ugomvi mkubwa. Wataalamu wa majina ya Kijerumani wanaliweka katika kundi la majina yaliyotokana na Nikolaus, jina la Mtakatifu Nikolao wa Myra, ambaye heshima yake ilienea Ulaya ya magharibi hasa baada ya masalia yake kupelekwa Bari mwaka 1087. Katika karne za mwisho za Zama za Kati, Nikolaus lilikuwa miongoni mwa majina ya ubatizo yaliyopendwa sana, na kila eneo lililifupisha kwa namna yake. Wengine walisema Klaus, wengine Nickel, na katika mashariki ya nchi za Kijerumani, kuanzia Sachsen hadi Lausitz na Silesia (ambayo leo sehemu yake kubwa iko Poland), ambako Wajerumani na Waslavi waliishi bega kwa bega tangu uhamiaji mkubwa wa Wajerumani wa karne ya 12, likawa Nitz, Nitsche, Nitschke na Nitzsche. Kiambishi kile cha mwisho, ambacho hufanya jina lisikike kwa upendo kama tunavyomwita mtoto kwa kifupi, kina asili ya Kislavi. Mkusanyiko wa herufi «tzsch» nao ni alama ya eneo hilo, na anayepita kaskazini mwa Leipzig ataukuta katika jina la mji wa Delitzsch.

Ubishi unaanza mtu anapouliza kama waliolibeba jina hilo walikuwa Waslavi. Aliyelishikilia jambo hili kwa nguvu kuliko wote ni Friedrich Nietzsche mwenyewe. Katika barua aliyomwandikia mhakiki wa Denmark Georg Brandes tarehe 10 Aprili 1888, alieleza kwamba wahenga wake walikuwa makabaila wa Poland walioitwa Niëzky, kwamba ugenini watu humdhania Mpolandi, na kwamba majira yale ya baridi orodha ya wageni mjini Nice ilimwandika kuwa Mpolandi. Aliongeza kuwa sura ya asili hiyo ilikuwa bado imehifadhika, ingawa akina mama wa vizazi vitatu walikuwa Wajerumani. Mwaka huohuo alirudia dai hilo katika maandishi ya tawasifu yake, safari hii akijiita kabaila wa Kipolandi asiye na tone la damu mbaya.

Dai hilo halikutoka hewani. Lilikuwa masimulizi ya ukoo ambayo Friedrich aliyasikia tangu utotoni, na masimulizi hayo yalikuwa na mazingira ya kuyabeba. Kuanzia mwaka 1697 August, mtawala wa Sachsen, alikuwa pia mfalme wa Poland, na kwa kukatizwa kidogo tu nchi hizo mbili ziliendelea kuwa chini ya mtawala mmoja hadi mwaka 1763. Makabaila, askari, wafanyabiashara na wakimbizi walipita mpakani kila siku. Mtu wa Sachsen aliyesema kwamba babu wa babu yake alitoka Poland alikuwa akisema jambo la kawaida. Ukichanganya na sura ya Kislavi ya jina, na kuwapo kwa ukoo wa kikabaila wa Nicki huko Poland, utaelewa kwa nini watu makini waliikubali hadithi hiyo.

Upande wa pili una vitabu vya kanisa. Katika makanisa ya Kilutheri ya Sachsen, mchungaji aliandika ubatizo, ndoa na maziko kwa karne nyingi, na ukoo wa Nietzsche unaonekana humo vizuri. Babu yake mwanafalsafa, Friedrich August Ludwig Nietzsche, alizaliwa mwaka 1756 na kuwa msimamizi wa kanisa katika mji wa Eilenburg. Baba wa huyo, Gotthelf Engelbert Nietzsche, aliyezaliwa mwaka 1714, alikuwa ofisa wa ushuru katika mji mdogo wa Bibra. Wachunguzi wa nasaba waliorudi nyuma zaidi hadi karne ya 17 walikuta watu wa kawaida wa maeneo hayohayo, wenye wake na wazazi wenye majina ya Kijerumani, na hawakumkuta kabaila yeyote aliyevuka kutoka Poland. Hoja hii ina uzito mkubwa. Mhenga wa masimulizi angepaswa kuingia Sachsen katika enzi ya August, ilhali ukoo ulikuwa tayari upo Sachsen kabla ya hapo.

Kuna jambo moja linalopaswa kusemwa wazi kuhusu ushahidi huo. Sehemu muhimu ya uchunguzi wa nasaba hiyo ilichapishwa Ujerumani katika miaka ya 1930 na Max Oehler, ndugu wa upande wa mama na mtunzaji wa hifadhi ya maandishi ya Nietzsche mjini Weimar. Huo ulikuwa wakati ambapo utawala wa Wanazi uliwalazimisha raia kuthibitisha nasaba zao, na ambapo katika Silesia watu wenye majina ya Kipolandi walisukumwa kuyabadili yawe ya Kijerumani. Hifadhi ile ilikuwa na kila sababu ya kutaka mwanafalsafa aonekane Mjerumani halisi. Anayeutilia shaka uchunguzi huo kwa sababu ya mazingira yake ana haki ya kuuliza. Hata hivyo, daftari la ubatizo la mwaka 1714 halikuandikwa na Wanazi, na yeyote anaweza kulilinganisha na yale yaliyochapishwa. Nia mbaya ya msomaji haigeuzi kilichoandikwa karne mbili kabla yake.

Kwa upande mwingine, Nietzsche naye hakuwa shahidi asiye na nia. Alipoteuliwa kuwa profesa Basel mwaka 1869 aliacha uraia wa Prussia, ufalme wa Kijerumani uliotawala kijiji chake cha kuzaliwa, na hakuchukua mwingine, na kufikia mwaka 1888 alikuwa ameichoka dola mpya ya Kijerumani iliyoundwa mwaka 1871, pamoja na majigambo yake ya kitaifa. Kujiita Mpolandi mbele ya Wajerumani wa wakati huo kulikuwa namna ya kuwapiga kofi. Sisemi alidanganya kwa makusudi, kwa maana alilelewa na hadithi hiyo. Nasema tu kwamba hadithi ilimfaa, na mtu huwa hachunguzi sana jambo linalomfaa.

Hoja inayonishawishi kuliko zote haipo katika barua wala katika daftari la ubatizo, bali katika jina jingine kabisa, Fritzsche. Jina hili ni la kawaida Sachsen, na linatokana na Friedrich, jina la Kijerumani tupu, lakini limebeba kiambishi kilekile cha Kislavi. Maana yake ni kwamba kiambishi hicho kilikwisha kuwa mali ya wakazi wote wa eneo, na mama wa Kijerumani aliweza kumwita mwanawe hivyo bila kuwa na Mslavi hata mmoja katika ukoo wake. Kwa hiyo sura ya Kislavi ya jina la Nietzsche inathibitisha ujirani, wala haithibitishi nasaba. Wakati huohuo naona wanaosema kwamba ukoo huo ni wa Kijerumani bila chembe ya Uslavi nao wanazidisha. Lausitz mpaka leo ina Wasorbi, jamii ya Kislavi inayokadiriwa kuwa na watu 60,000 hivi, na karne za kuoana katika maeneo hayo haziruhusu mtu kuapa kuhusu kila bibi wa ukoo wowote. Kilichokanushwa na vitabu vya kanisa ni kabaila wa Poland, na hakuna zaidi ya hapo.

Sisi wa pwani tunaufahamu mjadala wa aina hii kupitia Ushirazi. Kwa miaka mingi wanahistoria waliona dai la asili ya Uajemi kuwa ni la kutafuta heshima tu, hadi utafiti wa vinasaba vya mifupa ya makaburi ya kale ya Waswahili, uliochapishwa mwaka 2023, ulipoonyesha kwamba uzao wa Kiajemi upande wa kiumeni ulikuwapo kweli, umechanganyika na wa Kiafrika ulioletwa hasa na akina mama. Kwa Washirazi dai lilipata nguvu na kwa Nietzsche limeipoteza, lakini katika hali zote mbili kilichoamua ni mifupa na maandishi, na jina peke yake halikuweza kuamua.

Swali la pili ni la hesabu. Ujerumani haina orodha ya serikali inayotangaza idadi ya watu kwa kila jina la ukoo. Marekani hufanya hivyo baada ya sensa, ingawa huacha majina yenye watu pungufu ya 100, yaani yale hasa yanayotuhusu hapa. Watafiti wa Kijerumani wametegemea kitabu cha simu. Atlasi kubwa ya majina ya ukoo ya Ujerumani ilijengwa juu ya laini za simu za mezani za mwaka 2005, ambamo yalipatikana majina tofauti yapatayo 850,000. Kwa kuwa laini moja ilihudumia nyumba nzima, watafiti huzidisha idadi kwa karibu tatu ili kupata watu. Njia hiyo inafaa kwa Müller. Kwa jina lenye laini chache, familia moja isiyotaka kuorodheshwa au mjane mmoja anayeishi peke yake hupotosha makadirio yote.

Kwa majina ya Sachsen na Lausitz kuna tatizo jingine. Katika Ujerumani Mashariki ya kikomunisti nyumba nyingi hazikuwa na simu kabisa, hivyo kitabu chochote cha kabla ya mwaka 1990 kinayaonyesha majina hayo kuwa adimu kuliko yalivyokuwa. Kufikia mwaka 2005 pengo hilo lilikuwa limeziba, lakini tangu hapo simu za mkononi zimewaondoa vijana katika orodha. Mwaka 2005 ulikuwa dirisha dogo, na takwimu za baadaye zinazosambazwa mtandaoni zisomwe kwa tahadhari.

Hata hesabu ikiwa sahihi, bado hatujaamua tunahesabu nini. Ukihesabu tahajia ya Nietzsche peke yake, jina ni adimu sana. Ukihesabu pamoja nalo Nitzsche, Nitsche, Nitsch na Nitschke, unapata kundi kubwa la watu, waliojaa Sachsen na waliotawanyika magharibi kote baada ya Wajerumani wa Silesia kufukuzwa makwao kuanzia mwaka 1945. Tofauti kati ya Nietzsche na Nitzsche ni herufi moja, na kwa karne nyingi herufi hiyo iliwekwa au kuachwa kwa kadiri karani alivyosikia. Ndugu wawili wa baba mmoja waliweza kuandikwa tofauti. Kilichozigandisha tahajia ni usajili wa kiraia ulioanza katika dola nzima tarehe 1 Januari 1876, na sheria ya kubadili majina ya mwaka 1938, ambayo ingali inatumika, haimruhusu mtu kubadili jina lake bila sababu nzito.

Wanaotetea kuhesabu tahajia peke yake wana jibu zuri: hiyo ndiyo anayoandikwa mtu katika pasipoti, ndiyo anayojitambulisha nayo, na ndiyo inayoweza kupotea. Nakubaliana nao kwa swali la kupotea. Mwaka 1874 Francis Galton na Henry William Watson walieleza kihisabati jinsi jina linalorithiwa kwa wana wa kiume linavyoweza kutoweka kwa bahati tu, na nyumba ya Röcken ni mfano wa wazi. Mchungaji Carl Ludwig Nietzsche, baba wa mwanafalsafa, alikuwa na watoto watatu. Ludwig Joseph alifariki mwaka 1850 kabla ya kutimiza miaka miwili, Friedrich hakuoa, na Elisabeth, ambaye baada ya kufiwa na mumewe alijiita Förster-Nietzsche, alifariki mwaka 1935 bila mtoto. Tawi hilo liliishia hapo.

Kwa swali la udugu, hata hivyo, tahajia ni mwongozo mbovu. Mwenye jina la Nietzsche leo hawezi kuwa mzao wa mwanafalsafa, kwa kuwa haukutambuliwa uzao wake wowote, na huenda asiwe na uhusiano wowote na ukoo wa Bibra, kwani Nikolaus walikuwa wengi na kila mmoja aliweza kuanzisha ukoo wake. Kinyume chake, mtu wa jina la Nitzsche anaweza kuwa binamu wa mbali wa kweli. Atakayetaka kujua aanze na vitabu vya parokia, huku akitafuta kila namna ambayo jina liliweza kuandikwa.

Tangu tarehe 1 Mei 2025 sheria mpya ya majina inaruhusu wanandoa na watoto wao kubeba majina mawili pamoja, na wanawake wa Kisorbi wanaweza kutumia umbo la kike la jina la ukoo kulingana na mila yao. Hatua ya kwanza itayapa majina adimu nafasi zaidi ya kuishi, kwa kuwa binti hahitaji tena kuliacha lake ili familia iwe na jina la pamoja. Hatua ya pili itaongeza maumbo mapya katika eneo lilelile la Lausitz, na wanaohesabu tahajia peke yake watayaona maumbo hayo kuwa majina mapya na adimu.