Soya isihukumiwe kwa jina la estrojeni

Rafiki yangu alimaliza matibabu ya saratani ya matiti, na tangu siku hiyo hula kama mtu anayechambua mchele: kila kipande cha tofu, ile jibini ya soya, hukisukuma pembeni mwa sahani. Aliambiwa soya ina estrojeni, homoni ya kike. Hofu yake naielewa, maana uvimbe wake ulikuwa wa aina inayochochewa na homoni hiyo. Lakini naamini aliambiwa nusu tu ya habari.

Soya ina isoflavoni, kemikali za mmea zinazofanana kiasi na estrojeni. Hunasa kwenye vipokezi, yaani sehemu za seli zinazopokea homoni, ila nguvu yake ni ndogo sana, tena kati ya aina mbili za vipokezi vya estrojeni, hupendelea kipokezi cha beta kuliko cha alfa, ambacho ndicho huchochea zaidi seli za matiti kukua. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa Shanghai uliofuatilia wanawake zaidi ya 5,000 waliougua saratani ya matiti. Waliokula soya kwa wingi walifariki kwa uchache zaidi, na ugonjwa uliwarudia wachache. Hauthibitishi kwamba soya ndiyo iliyowaokoa, lakini haufanani hata kidogo na sumu anayoiogopa rafiki yangu.

Hofu yenyewe haikuzuka hewani. Miaka ya 1940, huko Australia Magharibi, kondoo waliolishwa kwenye malisho ya klova, mmea wa jamii ya kunde, walishindwa kushika mimba, na chanzo kikawa hizihizi estrojeni za mimea. Ila kondoo wale walishinda malishoni wakila klova kutwa. Hata mwanamume mmoja wa miaka 60 aliyevimba matiti, kisa kilichochapishwa mwaka 2008, alikuwa akinywa karibu lita 3 za maziwa ya soya kila siku! Wanaume wanaokula kiasi cha kawaida wamechunguzwa mara nyingi, na testosteroni yao, homoni ya kiume, haikushuka.

Mimi tahadhari naiweka kwenye vidonge vya isoflavoni, ambavyo hukusanya dozi kubwa mahali pamoja. Aliyewahi kuugua saratani hiyo asivimeze kabla ya kuzungumza na daktari wake. Anayetumia levothairoksini kwa ajili ya tezi ya shingo naye asiimeze pamoja na soya, kwani dawa haitafyonzwa vizuri.

Halafu kuna bakteria wa utumbo. Baadhi yetu tunao wanaogeuza isoflavoni kuwa ekuoli, kemikali yenye nguvu zaidi, wengi hatunao. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kula sahani moja ya soya, miili yao ikapokea vitu viwili tofauti.