Mwacheni mzee apige ilimba

Jumamosi iliyopita nilitoka Mbagala hadi Masaki, daladala mbili na bodaboda juu, kwenda kumsikiliza mzee mmoja Mgogo akipiga ilimba, ile ala ya sanduku lenye vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Hajamaliza dakika tatu, mshereheshaji kakamata kipaza sauti: "Makofi kwa mzee wetu jamani!" Dijei naye akaziba kile kimya kwa biti. Mzee akatua vidole vyake juu ya sanduku, akangoja. Niliumia sana.

Ilimba kubwa ya Wagogo ina vyuma kwa makumi, na vingine mpigaji havigusi kabisa. Vimewekwa viitikie tu: kikipigwa kimoja, vingine vinatetema vyenyewe. Kwenye tundu la sanduku hubandikwa utando wa buibui, ndio unaoleta ule mvumo kama wa nyuki. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki 2003, aliutoa muziki huu Dodoma akaufikisha Ulaya na Japani. Halafu sisi, hapa hapa Dar, tunaufunika kwa spika!

Najua nitaambiwa Waswahili hatuna desturi ya kukaa kimya ukumbini. Haya, nakubali. Mama yangu mkubwa hakuwahi kunyamaza kwenye taarabu hata siku moja. Lakini mngemwona alivyokuwa akitunza! Anaungojea ubeti wake. Zinapita beti mbili, hainuki. Ukifika ule uliomgusa, anasimama taratibu, noti mkononi, anajongea hadi kwa mwimbaji huku macho yamemlenga yule anayemkusudia. Ukumbi mzima umeelewa. Kule kutunza kulikuwa jibu, na aliyekuwa akipiga soga asingejua hata kwa nini mtu kainuka. Kelele zile zilitoka kwa watu waliokwisha kusikia. Za Masaki zilitoka kwa watu wasiotaka kusikia.



Masikio yanafundishika, nalisema hili kwa moyo wangu wote. Tangu nianze kufuatilia ilimba, nikiongea na mama kwa simu akaniambia "hatujambo mwanangu", naisikia pumzi inavyomkatika kabla ya neno "mwanangu". Zamani nilikuwa namjibu haraka, nakata. Sasa namuuliza, "Mama, umekula?" Na ananieleza.

Ninyi mnaoandaa shughuli, mpeni mpigaji dakika ishirini zake. Spika zizimwe, watu wasogee karibu.

Watu walipotawanyika nilimfuata mzee nje, nikamwamkia, akaitika marahaba. Nikamwomba anipigie kidogo. Akakaa kwenye ngazi, ilimba mapajani. Mlinzi wa geti alituangalia, kisha akazima redio yake, akasogeza kiti. Ndipo nilipovisikia vile vyuma visivyoguswa, vikiitika kimoja kimoja, kwa chini kabisa.