Wanaume Wamegeuka Wanawake Mkomani

Nyumba yetu ya Mkomani ina kuta nene za mawe ya matumbawe, na ndani mtandao haupiti. Basi simu za kazi nazipigia dakani, mlangoni kabisa. Na vichochoro vya Lamu mwavijua: ukikohoa Mkomani, Langoni wanakupa pole.

Kazi yenyewe ni jeni. Tuna data ya zamani ya chipu ya Affymetrix, kibao kidogo cha kupimia jeni zipi zinafanya kazi, miraba 1,164 kwa 1,164, kila mraba na proubu yake, uzi mfupi wa DNA wa herufi 25 unaonasa ujumbe wa jeni fulani. Walioiunda chipu walizigawa proubu kwa makundi, kila kundi na jeni yake, kadiri ya ujuzi wa miaka ile. Tangu hapo ramani ya jenomu imesahihishwa sana. Proubu nyingine zimeonekana kunasa jeni mbili, nyingine hazinasi lolote la maana. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walizipanga upya, na matokeo yakabadilika si haba. Nasi tukataka makundi yetu, mwenzangu wa Nairobi akaandika programu ya kuyaunda.

Nikaiendesha. Kabla ya yote nikatazama XIST, jeni inayofanya kazi kwa wanawake na kunyamaza kwa wanaume. Ndiyo njia ya haraka ya kujua kama sampuli zimechanganyika. Ilikuwa juu kwa wote, hata wanaume.

Nikampigia mwenzangu. Sauti ikawa inakatika, nami nikapaza yangu.

"Wanaume wamegeuka wanawake! ... Nasema WANAUME! ... Wote! Namba saba ndiye aliyezidi! ... Aa, jana walikuwa wazima!"

Punda aliyebeba mchanga akasimama. Mwenye punda naye akasimama.

Adhuhuri haijaadhiniwa, mama mdogo kesharudisha kuku wa kisasa dukani, akadai pesa yake. Wazee wa barazani wakaniita. "Ndoo hapa, mwanangu. Ni maji, au ni hizi soda?"

Nikaeleza kwamba watu hao hawako Lamu, ni data iliyowekwa wazi kwa watafiti wote, hata majina yao siyajui.

"Hujaruhusiwa kuyataja," mzee mmoja akasema, akaitikia kwa kichwa kwa heshima kubwa. "Vema. Siri ya mtu ni amana." Akanimiminia kahawa.

Alasiri mwenzangu akalipata tatizo. Chipu huhesabu miraba kuanzia 0. R, lugha ya kompyuta tuliyoandikia programu, huhesabu kuanzia 1. Programu yake haikuongeza ile moja, kwa hiyo kila proubu ilisomewa thamani ya jirani yake, mraba baada ya mraba, milioni na ushei. Akarekebisha mstari, nikaendesha tena, XIST ikanyamaza ilipopaswa kunyamaza.

Nikatoka mbio kutangaza. Barazani watu walikuwa wameongezeka. Wengine sijawahi kuwaona mtaani kwetu.

"Wazee wangu, hakuna kitu! Ilikuwa hesabu tu. Ilipungua moja."

"Mmoja?"

"Moja."

Wakatazamana. Mmoja akasema alhamdulillahi, mwingine akasema afadhali. Yule mzee wa kahawa akanivuta mkono pembeni, akateremsha sauti.

"Ndiye huyo namba saba," akasema. "Mkewe ameshaambiwa?"