Bonasi: "mwema" aliyekalia kiti cha "chema"

Mfanyakazi akipata bonasi mwisho wa mwaka hufunga mkoba akaenda zake. Wajuzi wa Kilatini ndio wanaonuna: kwao, neno hilo lilizaliwa na kosa.

Bonus ni kivumishi, na Mswahili hukielewa upesi kuliko Mwingereza, maana kivumishi cha Kilatini mara nyingi hufuata nomino yake kama chetu. Vir bonus, mtu mwema. Vinum bonum, divai njema. Sisi tunageuza kichwa cha neno, wao mkia. "Kitu chema", basi, ni bonum. Lakini wenye biashara ya hisa London, karne ya 18, walipotafuta jina la malipo ya ziada walichukua bonus. Ni kama kumwambia mtu, "Pokea mwema wako."

Kisarufi, shtaka halina jibu. Watetezi husema ulikuwa utani tu, nami naona inawezekana: Kilatini kilifundishwa kwa fimbo katika shule za Uingereza.

Ila tazama neno lenyewe lilikotoka. Mwaka 1880 mwanaakiolojia Heinrich Dressel alipata Roma chombo cha udongo, vijungu vitatu vilivyounganishwa, chenye maandishi ya zamani sana: duenos med feced. Wengine husoma "mtu mwema alinitengeneza". Wengine husema Duenos ni jina la mfinyanzi. Kwa vyovyote, duenos ndiye babu wa bonus. Du- iligeuka b-, kama duellum, vita, ilivyokuwa bellum. Mlinzi wa lugha wa zama hizo angelilia hata hiyo bonus.

Na watoto halali wa Kilatini je? Kiitaliano kina buono, Kihispania bueno, Kifaransa bon, Kiromania bun. Mfaransa husema bon vin kwa umbo la kiume, kwa kuwa bonum, umbo lisilo la kiume wala la kike, kwake ilishakufa. Tofauti inayopiganiwa, warithi wenyewe waliitupa. Kiswahili nacho kimeliweka neno kwenye ngeli ya I-ZI, bonasi yangu, bonasi zetu, na hakuna aliyewahi kudai boni, wingi wa Kilatini.

Wakosoaji nawapa haki mahali pamoja: Kilatini kinaponukuliwa kizima, kama mawakili wanavyoandika bona fide, hapo sarufi yake itiiwe. Bona inapatana na fides, nomino ya kike, sawasawa na njema inavyopatana na nia tukisema "kwa nia njema".